Mzigo Unaostahili Bega

Katika Boundary Waters, kaskazini mwa Minnesota, hakuna duka la ndoana. Kuna maziwa zaidi ya 1,000 yaliyotawanyika katika hekta 440,000 hivi za misonobari na miamba, mpakani mwa Marekani na Kanada, na tangu sheria ya mwaka 1978 injini zimezuiwa karibu kote. Watu huingia kwa kafi. Ziwa likikoma, mtumbwi hupanda begani, na kila kilichokuwa ndani yake hubebwa kwa miguu hadi ziwa linalofuata. Njia hizo za nchi kavu bado hupimwa kwa rodi, kipimo cha kale cha wapima ardhi: rodi moja ni kama mita tano, takriban urefu wa mtumbwi wenyewe. Ramani ikikuandikia 180, ujue mbele yako kuna karibu kilomita nzima ya mizizi, matope na mbu.

Ufundi ninaotaka kuusifu umelelewa na njia hizo: ufundi wa kufungasha vifaa vya kuvulia. Wengi huuhesabu kuwa matayarisho tu, kazi ya kumalizwa upesi ili safari ianze. Mimi nauona ni uvuvi wenyewe, tena sehemu yake inayodai akili kuliko zote. Anayefungasha humvua samaki kichwani kabla ya kumtia machoni. Ni lazima aamue ni samaki yupi, mwezi gani, kina gani, mwanga wa namna gani, kisha kila jibu aligeuze kuwa kitu kimoja cha gramu chache.

Tumchukue wolai, samaki anayetafutwa mno katika maziwa hayo, ambaye Waojibwe, wenyeji wa huko, humwita ogaa. Ndani ya jicho lake, upande wa nyuma, mna utando unaorudisha mwanga, kwa hiyo huona vyema magharibi na alfajiri, saa ambazo samaki wadogo anaowawinda wanapapasa. Jua likiwa kali hushuka chini au hujibanza kivulini. Ajuaye hayo hababaishwi na rangi 20 za chambo dukani. Huweka taa ya kichwani, maana giza litamkuta bado yumo majini, na huweka jigi chache, yaani ndoana zenye kichwa kizito: za gramu tatu na nusu kwa maji mafupi, na za gramu saba kwa kina au kwa siku ya upepo. Uzito huo haupimwi kwa ukubwa wa samaki. Unapimwa kwa upepo, kwa sababu mtumbwi ukisukumwa uzi hulala, na jigi nyepesi haifiki chini anakokaa wolai.

Trauti wa ziwani anadai hesabu nyingine kabisa. Barafu inapoyeyuka, mwishoni mwa Aprili au katika wiki za kwanza za Mei, maji ya juu yangali baridi, naye huzurura karibu na uso wa ziwa. Ikifika Julai ameifuata baridi chini, mita 15 au zaidi, na chambo kilichomtosha masika hakimfikii tena. Sasa kinahitajika kijiko kizito cha chuma kinachozama wima. Ndiyo maana sanduku la Mei si sanduku la Julai. Anayebeba yote mawili kwa pamoja bado hajaamua anakwenda kuvua nini, na bega lake litalipia kutoamua huko katika kila njia.

Kwa samaki aitwaye paiki shauri ni fupi: ana meno yanayokata uzi, basi beba vipande vya waya vya kufungia mbele ya chambo. Mvuvi wa pwani yetu anayerambaza nguru hahitaji maelezo zaidi ya hapo.

Kuna chambo kimoja ambacho sioni sanduku likikamilika bila hicho, nacho ni samaki wa kuchongwa, wa urefu wa kidole, anayeelea. Lauri Rapala, mvuvi wa Ufini, alimchonga wa kwanza mwaka 1936 kwa gamba la mti wa koki, akamfunika kwa karatasi inayong'aa ya kufungia chokoleti. Alikuwa amekaa mtumbwini akitazama jinsi samaki wakubwa wanavyoliacha kundi zima likapita, wakamfuata yule mmoja anayekwenda kombo. Kwa hiyo hakuchonga samaki mzuri. Alichonga samaki anayeumwa, na katika ule mwendo wa kupepesuka akaweka yote aliyokuwa ameyaona. Ukimtia mmoja sandukuni, na mwingine wa akiba, umewabeba besi, paiki na wolai wa jioni kwa uzito usiofikia wa yai. Hicho ndicho ninachokipenda zaidi katika kazi hii: maarifa ya mtu aliyetazama maji kwa uvumilivu yanaweza kukaa kiganjani mwa mtu mwingine, katika nchi nyingine, naye akayatumia.

Kisha unakuja mpango wa vitu, na hapa mkono wa mzoefu hujulikana. Minyoo ya plastiki laini haiwekwi pamoja na vyambo vigumu, kwani plastiki hiyo huyeyusha rangi na hata sanduku lenyewe. Kila ndoana ya pembe tatu hukaa katika chumba chake au hufunikwa ncha, kwa sababu katika mtumbwi mwembamba, wimbi likipiga, mkono hushika popote. Fimbo huvunjwa vipande na kuingizwa katika bomba gumu, la sivyo tawi la kwanza njiani litaivunja kwa namna yake. Koleo hufungwa kamba mtumbwini. Tena liwe koleo lenye makali ya kukata chuma: ndoana ikizama katika kidole, na daktari yuko mwendo wa siku mbili za kafi, utaisukuma itokeze ncha, uikate, uichomoe kwa nyuma. Kifaa hicho hakivui samaki hata mmoja, nami ningekitanguliza mbele ya nusu ya vyambo.

Mfungashaji mwema huwakumbuka pia wasiokuwa samaki. Katika maziwa hayo anaishi luni, ndege mpiga mbizi ambaye Minnesota imemfanya ndege wa jimbo tangu mwaka 1961, na ambaye mlio wake usiku humfanya mtu aache mazungumzo asikilize. Luni humeza vijiwe vidogo vya kusagia chakula tumboni. Akiokota chubwi la risasi akidhani ni kijiwe, hilo moja linatosha kumuua kwa sumu. Machubwi ya bati au ya tangsteni yanauzwa, na yanafanya kazi ileile. Bei yake iko juu kidogo, lakini sijaona sababu ya kuweka risasi tena sandukuni.

Upande wa Kanada, katika hifadhi ya Quetico, kanuni zinadai zaidi: vyambo vya asili haviruhusiwi, na ndoana zisiwe na kile kijino kinachozizuia zisichomoke. Kazi hiyo hufanyika nyumbani, mezani, kwa koleo, ndoana moja baada ya moja. Naiona kuwa saa njema kabisa ya matayarisho. Ndoana isiyo na kijino humtaka mvuvi aushike uzi ukiwa umekazwa muda wote, na samaki anayerudishwa majini huachiwa upesi, bila kuchanika.

Upande wa Minnesota ruba na nyungunyungu wanaruhusiwa, na ruba aliyetunzwa katika maji baridi ni chambo ambacho wolai hukikataa kwa nadra. Nyungunyungu ndio wenye sharti. Misitu ile haikuwa nao tangu barafu kuu ilipoifunika nchi. Waliletwa na wahamiaji kutoka Ulaya, na kila wanapoingia hula majani makavu yanayotandika ardhi, mimea michanga ikakosa malezi. Waliobaki baada ya kuvua hawamwagwi ufukweni, hata kwa huruma. Hurudishwa mjini na kutiwa katika taka, kwa hiyo kopo lao la plastiki liwe na kifuniko kinachobana, nalo lihesabiwe katika mzigo wa kwenda na wa kurudi.