Istilahi za sanaa zitoke karakanani, si mezani tu

MIAKA mingi iliyopita nilimkata mwanafunzi wangu alama mbili kwa neno ambalo leo naamini lilikuwa sahihi. Lilikuwa zoezi la tafsiri. Kifungu cha Kiingereza kilieleza jinsi mpigapicha anavyoitia filamu dawa gizani hadi picha zionekane. Mwanafunzi akaandika ‘kuosha filamu’. Nilipiga mstari mwekundu, nikaandika pembeni ‘kustawisha’, nikasonga mbele. Alipokuja ofisini kulalamika alisema, “Lakini mwalimu, baba yangu ana studio, na kwetu tunasema hivyo tu.” Nilimjibu kwamba lugha ya studio si lugha sanifu. Alinyamaza, akaenda zake.

Kisa hicho kilinirudia majuzi nilipojiandikisha kwa masomo ya Jumamosi katika karakana moja ya sanaa jijini Nairobi. Tulifunzwa mambo matatu: kuchonga na kupiga chapa, kupiga picha kwa filamu, na sanaa ya kielektroniki. Nilibeba daftari nikidhani ningewagawia wasanii istilahi. Lo! Nilirudi nyumbani mimi ndiye niliyegawiwa.

Hoja yangu leo ni nyepesi kuitaja ila ni nzito kwetu wataalamu kuikubali. Istilahi nyingi za sanaa tunazozibuni mezani huwa dhaifu kwa sababu tunatafsiri neno la Kiingereza badala ya kutafsiri kazi yenyewe. Anayeijua kazi kwa mikono yake mara nyingi ameshaipa jina, na jina hilo hufaa kuliko letu.

Tuanze na chapa. Mwalimu alinipa kipande cha linoleamu na patasi ndogo, akanitaka nichonge neno lolote nilipendalo. Nikachonga LUGHA kwa herufi kubwa zilizonyooka. Nikapaka wino kwa rola, nikalaza karatasi juu yake, nikasugua kwa mgongo wa kijiko. Nilipoibandua karatasi, neno lilikuwa AHGUL. Herufi A, H na U zilisalimika kwa kuwa pande zake zinalingana. L na G ziligeuziwa migongo. Vijana niliokuwa nao, wa umri wa wajukuu wangu, walicheka hadi wakashika mbavu. “Profesa, chapa husoma kinyume,” mwalimu akasema kwa upole.

Somo hilo lilinifanya nivitazame upya vitenzi viwili. Cha kwanza ni ‘kuchora’. Wengi wetu tunakijua kwa maana ya kutia mistari kwa kalamu. Hata hivyo, kamusi ya Kiswahili-Kiingereza iliyohaririwa na Frederick Johnson, ikatoka mwaka wa 1939, inataja pia maana ya kukata nakshi. Mafundi wa milango ya Lamu hawangeshangazwa na maana hiyo. Kwenye ubao wa chapa mtu huchora kwa kupunguza: panapoondolewa ndipo patakapobaki peupe. Fred Mutebi wa Uganda anajulikana kwa mbinu inayolifikisha jambo hili ukingoni. Ubao uleule huchongwa tena baada ya kila rangi, na kilichokwisha kukatwa hakirudi. Kwa hivyo maana tuliyodhani ni ya kale bado ina kazi ya kufanya.

Kitenzi cha pili ni ‘kuchapisha’. Hiki kimo katika kauli ya kutendesha. Mwandishi huchapisha kitabu kwa maana kwamba husababisha kichapwe. Anayekichapa hasa ni mtambo au mwenye mtambo. Msanii aliyepaka wino mwenyewe na kusugua kwa kijiko hadi kiganja kikauma hajamfanya mtu mwingine achape. Amechapa. Ndiyo maana wanaoiita sanaa hii ‘uchapishaji’ wanaikosea. ‘Uchapaji’ unatosha, na kazi inayotoka ni ‘chapa’. Kanuni hii nimeifundisha darasani miaka nenda miaka rudi, lakini sikuwahi kuihisi mkononi.

Sasa tuingie chumba cha giza, palipo na deni langu.

Filamu ya picha nyeusi na nyeupe ina tabaka la chumvi za fedha. Mwanga unapoigusa, chembe zilizopigwa na mwanga huachwa na alama isiyoonekana kwa macho. Dawa ya kwanza huzigeuza chembe hizo kuwa fedha nyeusi. Hapo picha ipo, lakini haijasalimika, kwa sababu chumvi ambazo hazikuguswa na mwanga bado zimejaa kwenye filamu. Ukiitoa nje hivyo, nazo zitazidi kuwa nyeusi na picha itaharibika. Basi huja dawa nyingine inayoziyeyusha na kuziondoa, kisha maji yanayotiririka kuondoa mabaki ya dawa. Yaani, msomaji wangu, kinachoifanya picha idumu ni kuondolewa kwa kisichotakikana. Ni kuosha! Wengine husema ‘kusafisha’, nao pia wako sawa.

Na ‘kustawisha’ kwangu je? Nililitoa kwenye kamusi, katika orodha ya maana za neno la Kiingereza linalotumika pia kwa mashamba, miji na uchumi. Sikuwa nimewahi kushika filamu iliyolowa. Mwanafunzi yule alikuwa amemwona baba yake akiifanya kazi hiyo.

Isidhaniwe kwamba studio hizo zilikuwa vibanda vya picha za kitambulisho tu. Mjini Mombasa, N.V. Parekh aliwapiga picha watu wa pwani kwa miongo kadhaa. Kule Lamu, Omar Said Bakor alikuwa akiunganisha picha kadhaa kuwa moja kabla ya kompyuta kuingia studioni. Kazi yenye hatua nyingi kama hizo haifanywi kimyakimya. Fundi humwelekeza msaidizi wake, na humwelekeza kwa maneno. Kamera za dijitali zilipokuja, studio nyingi zilifunga vyumba vya giza na mafundi wakatawanyika. Wengi ni wazee sasa. Kila mmoja anapotutoka, anaondoka na msamiati ambao hatukuwahi kuuandika.

Kuna atakayenipinga kwamba lugha ya karakana haina mpangilio, kwamba kitu kimoja huitwa majina matatu, na kwamba usanifishaji ndio dawa. Hoja hiyo ina uzito, na somo la tatu lilinionyesha hivyo. Tulitengeneza taa ndogo inayowaka mtu anapoifunika kwa kivuli cha mkono. Kifaa kinachotambua mwanga vijana walikiita ‘sensa’, neno ambalo Mkenya akilisikia huwaza kuhesabiwa kwa watu. ‘Kihisi’, lililobuniwa na wataalamu, linafaa zaidi, na nilipolitamka lilikubalika papo hapo. Kwa upande mwingine, vijana walikuwa wakisema ‘kusolda’ hadi mwalimu wao, binti aliyejifunzia kazi kwa fundi wa redio wa jua kali, alipowaambia, “Hapa tunalehemu.” Neno lilikuwepo siku zote. Fundi alikuwa nalo.

Kwa hivyo sisemi meza ivunjwe. Nasema neno la mezani lipelekwe karakanani likajaribiwe kabla ya kutiwa kwenye kamusi, na la karakanani lisikataliwe kabla hatujaiona kazi inayolitumia.

Jambo hili halingoji. Januari mwaka huu wa 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na mmojawapo wa mikondo mitatu wanayochagua ni wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Jina lenyewe ‘umilisi’ linadai mtu aweze kutenda. Mwanafunzi anayekariri fasili ya chapa bila kuchafuka kucha kwa wino hajamiliki chochote, hata akipata alama zote. Vifaa si kisingizio kikubwa kama tunavyodhani, kwani viazi, wembe na rangi vinatosha kumwonyesha mtoto kwamba chapa husoma kinyume. Na fundi wa picha mstaafu mtaani anaweza kualikwa shuleni asubuhi moja, mwalimu wa Kiswahili akae naye na daftari.

Nami nimeanza kwa kulisahihisha daftari langu. ‘Kustawisha filamu’ nimelifuta. Mwanafunzi yule sijui yuko wapi siku hizi, lakini ikiwa anasoma ukurasa huu, ajue kwamba alikuwa sahihi, na kwamba alama zake mbili nimemrudishia, ingawa nimechelewa. Salamu zangu zimfikie baba yake.