Mkono Usio na Pupa

Fundi ninayetaka kumsifu ana chumba kimoja mjini Murang'a, kati ya duka la pembejeo na saiba. Akiletewa kompyuta ya mezani ili aisasishe bayosi, ile programu iliyomo katika chipu ya ubao inayoiamsha kompyuta, haanzi kwa kuiwasha wala kuifungua. Anauliza. Inasumbua nini? Ilianza lini? Prosesa iliyomo ni ile iliyokuja nayo au imebadilishwa? Nani mwingine ameshaitia bisibisi? Mteja mwenye haraka hukerwa na maswali hayo, maana jirani alishamwambia kuwa ni kazi ya kubonyeza tu. Fundi hajibizani naye. Anavuta droo, anatoa daftari, anaanza kuandika.

Daftari hilo ndilo lililonisukuma kuandika. Ni daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, naye amelifunika kwa gazeti jinsi tulivyofunika vitabu vyetu tukiwa darasa la nne. Kila kompyuta ina mstari wake: mtengenezaji, modeli, toleo la bayosi alilolikuta, toleo alilolitia, ukubwa wa chipu, tarehe. Pembeni kuna maneno machache ya kalamu nyekundu: "pitia toleo la kati kwanza", "usirudi nyuma", "betri ya saa imekufa". Mistari ya kurasa za mwanzo ni ya mashine ambazo nyingi hazipo tena, zile za mitumba zilizoshushwa kutoka Ulaya baada ya kuchoka katika ofisi za huko. Zikawafundisha watoto wetu kuandika barua, zikajaza fomu za kodi kila ilipokaribia tarehe 30 Juni, na foleni ya watu ikiwa imetoka hadi barabarani. Nililipekua kwa ruhusa yake, ukurasa baada ya ukurasa. Herufi zimesimama wima tangu mwanzo hadi mwisho, za mtu aliyefundishwa hati na mwalimu mkali. Palipo na kazi iliyoshindikana pameandikwa kuwa imeshindikana, na sababu yake.

Hayo ya "toleo la kati" hutoka katika maelezo ambayo mtengenezaji huambatanisha na faili lake, na ambayo karibu hakuna anayeyasoma. Humo huandikwa kwamba mashine yenye toleo la kale haiwezi kuruka moja kwa moja hadi jipya. Humo ndimo baadhi ya watengenezaji wa bao za soketi ya AM4 walimotoa onyo chipu za megabaiti 16 zilipojaa: prosesa za AMD zilikuwa zimekuwa nyingi mno, basi matoleo mengine mapya yaliziacha za zamani ili zipya zipate nafasi. Asiyesoma hutia toleo jipya juu ya prosesa iliyokwisha kuachwa, kisha anashangaa skrini ikibaki nyeusi. Mashine haikuharibika. Imetii ilichoambiwa na aliyeibonyeza.

Baada ya kusoma, fundi hufanya jambo ninaloliona kuwa kilele cha ustadi wake. Ikiwa mashine ni ya zamani au imeonyesha dalili mbaya, anachomoa waya wa stima, anatoa betri ya saa, anaangalia namba iliyo mgongoni mwa chipu kujua kama inataka volti 3.3 au 1.8, kisha anabana kibanio juu ya miguu yake minane na kunakili kila kilichomo. Anaihifadhi nakala hiyo. Ananakili mara ya pili. Halafu anazilinganisha nakala mbili, baiti kwa baiti. Zikitofautiana mahali pamoja tu, anajua kibanio hakikushika. Anasugua miguu kwa brashi na spiriti, anaanza upya. Nimemwona akirudia hivyo mchana kutwa bila kunung'unika.

Nilimwuliza kwa nini ajisumbue kunakili kitu anachokwenda kukifuta.

"Mwalimu," akaniambia, "humu ndimo kuna namba ya mashine yenyewe, na anwani yake ya mtandao, na zingine zina leseni ya Windows. Nikiitilia ya mwenzake itawaka, lakini haitakuwa yeye."

Kuhusu stima, Murang'a ina kisa chake. Kaunti hii ina mitambo ya Wanjii na Tana, inayozalisha umeme kwa maji ya mito yetu tangu enzi za ukoloni. Hata hivyo mvua ya masika ikianza kupiga mabati, stima hupotea humu humu mjini. Chipu ya aina hii haiandikwi juu ya maandishi yaliyopo. Hufutwa kwanza, sehemu kwa sehemu, ndipo iandikwe. Umeme ukikatika kati ya kufuta na kuandika, kompyuta inabaki haijui hata namna ya kuamka. Kwa hiyo fundi huyu hafanyi kazi hiyo alasiri ya mwezi wa Aprili. Huifanya asubuhi, mashine ikiwa juu ya UPS, na UPS yenyewe haiamini mpaka aijaribu: anaiunganisha na balbu, anachomoa waya ukutani, anasubiri aone balbu itadumu muda gani. Mstari wa kuonyesha kazi ilipofika unapoanza kusogea, yeye hukaa kimya, mikono magotini. Simu ikiita haipokei.

Ustadi huu una ukoo. Neno bayosi tumelipokea kutoka kwa Gary Kildall, Mmarekani aliyeandika mfumo wa CP/M katika miaka ya 1970, na IBM ilipotoa kompyuta yake mwaka 1981 bayosi ilikuwa imetiwa kiwandani katika chipu isiyofutika. Zilikuwako pia chipu zenye kidirisha cha kioo, zilizofutwa kwa kulazwa chini ya taa ya urujuanimno, na kidirisha kikabandikwa karatasi ili mwanga usiingie. Katika miaka ya 1990 zikaenea zile zinazofutwa na kuandikwa kwa programu tu. Wepesi huo ulikuja na hatari yake: tarehe 26 Aprili 1999 kirusi cha CIH, kilichoandikwa na Chen Ing-hau wa Taiwan, kiliamka na kuharibu bayosi za kompyuta nyingi duniani.

Mafundi wa kizazi kile walikuwa na dawa ambayo kila nikiifikiria navutiwa. Chipu zilikaa kwenye soketi, unazichomoa. Walitafuta kompyuta nzima ya aina ile ile, wakaiwasha, na kwa kuwa ilikwisha kuihamishia bayosi kwenye kumbukumbu yake, walichomoa chipu yake ikiwa inawaka, wakachomeka ile iliyofutika mahali pale pale, wakaiandika upya. Hebu fikiria uthabiti wa vidole hivyo. Leo chipu nyingi zimechomelewa kwenye ubao, na anayetaka kuzigusa lazima abanie kutoka juu au ashike chuma cha moto.

Wapo wanaodhani sifa ya fundi wa namna hii ni kusasisha kila kinachotoka. La. Mapema mwaka 2018, baada ya kutangazwa dosari za usalama za prosesa ziitwazo Meltdown na Spectre, masasisho yalimiminika, kisha ndani ya mwezi ule ule wa Januari Intel ikawaomba watu wasimamishe kutia yale ya kwanza kwa sababu mashine zilikuwa zikijizima na kujiwasha zenyewe. Aliyesubiri aliokoka. Mwaka 2024 mambo yakawa kinyume: baadhi ya prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikipokea volti kupita kiasi na kuharibika polepole, tiba ikaja kwa njia ya bayosi mwezi Agosti, na haikuweza kuiponya iliyokwisha kudhurika. Mara hii aliyesubiri alipoteza. Kitufe ni kile kile katika visa vyote viwili, na hakuna kitufe kinachomfundisha mtu kuvitofautisha.

Ndipo huzuni yangu inapoanzia. Siku hizi sasisho huingia usiku, bila kubisha hodi, pamoja na mengine ya Windows, na mwenye kompyuta hajui kuwa kilichoguswa ni mzizi. Nimeiona ofisi moja ikisimama kwa siku kadhaa kwa sababu kijana alisasisha bayosi bila kusitisha kwanza ulinzi wa BitLocker. Asubuhi mashine zikadai ufunguo wa tarakimu 48, na hakuna aliyeuandika popote. Hakukuwa na daftari. Kijana hana ubaya wowote, ila hakuna aliyemkalisha kando na kumwonyesha. Waliotangulia wanastaafu, na madukani jibu limekuwa moja: nunua nyingine. Watengenezaji nao huacha kutoa matoleo mapya kwa mashine ambazo bado zina nguvu za kuhudumia shule nzima.

Wageni hupanda hadi kanisa kuu la Mtakatifu James hapa mjini kutazama michoro ambayo Elimo Njau aliichora ukutani katika miaka ya 1950, maisha ya Yesu yakiwa katika mandhari ya vilima vyetu. Wanafanya vyema. Kazi ya fundi wangu haina ukuta wa kutazamwa. Ikifaulu, kompyuta inawaka sawasawa na ilivyowaka jana, na mteja anauliza analipia nini.

Nina ombi basi kwa shule, vyama vya akiba na ofisi ndogo za Murang'a, Nyeri, Karatina na Kerugoya. Vyeti vya Microsoft vya mwaka 2011, vinavyotumika kuhakiki kuwa kompyuta inawaka kwa programu halali, muda wake unaanza kwisha Juni 2026, na kompyuta kadhaa za zamani zitahitaji bayosi mpya ili zipokee vyeti vinavyofuata. Msiwape mashine zenu watu kwa sababu bei yao ni ndogo. Waulizeni kwanza kama wamesoma maelezo, kama wataweka nakala, na stima ikipotea watafanya nini. Anayeweza kujibu mlipeni hata kwa saa alizokaa akisubiri. Na zile bao mbovu zilizolala stoo, msiziuze kwa kilo pamoja na vyuma chakavu; mpelekeeni, apate za kumfundishia mwanafunzi.