Wapimaji wa mtambaa katika delta ya Rufiji

Kwa anayeitazama delta ya Rufiji kutoka angani, msitu unaonekana umetulia. Setilaiti za Sentinel-2 hupita kila baada ya siku 5 hivi, na picha zake huonyesha kijani kilichotandaa kuanzia pande za Nyamisati kuelekea kusini, kila nukta ikibeba mita 10 kwa 10 za ardhi. Kazi ninayotaka kuisifu inaanzia hapo, maana sehemu ya kijani hicho haina msitu. Chini yake kuna shamba la mpunga lililoachwa, visiki, na mtambaa uliokwea kila kilichosalia kusimama.

Kitaalamu unaitwa Derris trifoliata, wa ukoo wa kunde. Vijani vyake vinang'aa na mara nyingi hukaa vitatu vitatu kwenye kikonyo kimoja. Maganda yake ni bapa na huelea, hivyo maji ya bamvua huyachukua kutoka tawi moja la mto hadi jingine. Mmea huu ni mwenyeji wa pwani. Umeishi na mikoko tangu zamani, ukizuiwa na kivuli, na hilo ndilo linaloufanya uwe mgumu kufuatilia kuliko mmea wa kuja. Kule Amani, Usambara Mashariki, mpimaji akikuta mche wa Maesopsis eminii, mti ambao Uganda wanauita musizi, anajua kwamba mbegu zake zililetwa na watu, kisha zikapata nafasi palipokatwa miti. Deltani, kuuona mtambaa peke yake hakuthibitishi lolote. Anayepima anatafuta umezidi kiasi gani, na tangu lini.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, mto ulipoanza kupeleka maji yake mengi upande wa kaskazini, chumvi ilipungua huko na mpunga ukastawi katikati ya mikoko. Wakulima walikata na kuchoma, wakavuna kwa miaka michache, kisha kaa, magugu na chumvi vikawashinda, wakahamia kwingine. Siwalaumu, mchele ndio chakula cha nyumba zao. Lakini jua lilipofika kwenye tope, mtambaa ulipata kile ulichonyimwa na kivuli.

Bwana misitu na mwenzake wa kijijini huingia maji yakipwa. Wanafuata kamba iliyonyooshwa, na kila baada ya umbali waliokubaliana hupima kiwanja kidogo. Mashine ya GPS huwafikisha karibu tu. Kigingi cha kiwanja wanakitafuta kwa mikono, kwa sababu kimefunikwa. Kisha wanafunua. Mtambaa unainuliwa taratibu ili miche iliyo chini isivunjike, na kila mche unahesabiwa kwa jina lake: mkandaa, mchu, msinzi, mkoko wenyewe. Mwenzake wa kijijini huitofautisha kwa gamba na kwa mizizi hata pale majani yameliwa yote, na ujuzi huo haumo katika picha yoyote ya setilaiti.

Panapotawala Acrostichum aureum, ule ukangaga wa maji ya chumvi unaoweza kumzidi mtu kimo, wanatazama kitu kingine. Mbegu ya mkoko huchipua ikiwa bado juu ya mti, ikaning'inia kama mkuki, halafu ikadondoka. Kwenye ukangaga mnene haifiki kwenye tope. Inakwama juu ya majani na kukauka. Mpimaji makini huhesabu hizo pia. Ndizo zinazoonyesha kama tatizo ni kukosa mbegu au ni mbegu kukosa pa kutua, na dawa za hayo mawili ni tofauti kabisa: la kwanza hutaka kupanda, la pili hutaka panga.

Sehemu ninayoiheshimu kuliko zote ni kukadiria kwa macho. Kila mmoja huandika peke yake asilimia ya kiwanja iliyofunikwa na mtambaa, kisha wanalinganisha. Wakipishana sana, hawagawanyi tofauti ili waondoke upesi. Wanarudi, wanakitazama kiwanja pembe kwa pembe mpaka waelewane kuhusu wanachokiona, huku maji yakianza kujaa nyuma yao. Namba ikishaandikwa hivyo, atakayekuja baada ya miaka 10 anaweza kuitegemea.

Na atakayekuja atakuwa na la kuuliza. Bwawa la Julius Nyerere, kwenye mto huohuo, lilianza kujazwa Desemba 2022, na maji baridi na tope vinavyofika deltani sasa vinapita kwanza mikononi mwa watu. Chumvi ikisogea, kila mmea utasogea nayo kwa namna yake. Vipimo vilivyochukuliwa kabla ya mwezi huo, vikiwa vimeandikwa kwa uaminifu kwenye daftari zilizolowa tope, haviwezi kuchukuliwa tena na mtu mwingine yeyote. Kilichobaki ni kurudi kwenye vigingi vilevile, bamvua baada ya bamvua, na kufunua.