Nani Awalipe Walinzi wa Mlima?

Kuna neno linalosemwa mara nyingi hapa Goma, barabarani na sokoni, hata mbele ya kanisa baada ya Misa: kwamba wataalamu wa volkano wanakula bure, maana mlima ukitaka kulipuka hulipuka tu, nao hawauzuii. Tumeona afadhali tulijibu neno hilo, kwa sababu ndani yake mna ukweli kidogo, na ukweli kidogo ukichanganywa na uvivu wa kufikiri huleta hatari kubwa.

Tuanze na huo ukweli. Tarehe 22 Mei 2021, jioni, Nyiragongo ulipasuka ubavuni. Watu wengi walipata habari kwa kuona mbingu nyekundu, si kwa kuambiwa na serikali. Uji wa moto ukashuka hadi Buhene, ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa. Baadaye, katika mwaka 2022, wataalamu waliochunguza mlipuko huo waliandika kwamba dalili za wazi zilikuwa zimetokea chini ya saa moja tu kabla ya moto kutoka. Basi hata kituo kilichojaa vyombo na watu kisingeweza kuupigia mji kengele siku tatu mbele. Hilo tunalikubali bila kinyongo.

Lakini je, kituo chenyewe kilikuwa katika hali gani? Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, kile tunachokiita OVG, kilianzishwa mwaka 1986. Serikali ilikuwa na wajibu wa kukitunza, lakini vyombo, mafuta ya gari na intaneti vilitegemea zaidi fedha za wageni. Mpango wa Benki ya Dunia ulipokwisha mwaka 2020, haukuendelezwa. Palikuwa na tuhuma kwamba fedha zimetumiwa vibaya. Kwa miezi kadhaa, hadi Aprili 2021, kituo kilikosa intaneti ya kupokea na kupeleka habari za vyombo, na wachunguzi wakakosa mafuta ya kwenda kuvitazama. Mwezi mmoja tu baadaye mlima ukapasuka.

Hatutaki kumtetea mtu yeyote aliyekula fedha ya watu. Lakini tutazame namna ya adhabu. Mlinzi wa usiku akishukiwa kuiba unga, mwenye nyumba humfukuza, akaweka mlinzi mwingine jioni ile ile. Hapa mlinzi alishukiwa, na nyumba ikaachwa wazi. Wenye kuadhibiwa walikuwa akina mama wa Majengo na Kanyaruchinya, ambao hawakuona hata faranga moja ya fedha hizo. Na wakuu wetu wa Kinshasa, ambao mlima huu ni wa nchi yao, walifanya nini ili kuliziba pengo? Kwa miezi hiyo walingoja, kama vile jambo ni la wageni.

Wasomaji wetu wanaijua daftari ya ubatizo. Padri au katekista akiacha kuandika miezi sita, hawezi kuketi siku moja akaijaza kwa kukumbuka: majina yamepotea, tarehe zimechanganyika, na miaka ishirini baadaye kijana anayetaka kuoa hatapata cheti. Daftari ya mlima ni vile vile. Tetemeko lisilopimwa leo halipimwi kesho. Mtaalamu hasomi tetemeko moja peke yake. Hulilinganisha na ya jana, na ya mwaka jana, ili ajue kama mlima unapumua kwa desturi yake au umeanza kuhangaika. Ukiichana kurasa za katikati, umeharibu hata zile zilizobaki.

Tena jambo hili si geni kwetu. Kabla ya mlipuko wa tarehe 17 Januari 2002, kituo kilikuwa na vyombo viwili tu vya kupimia matetemeko vilivyokuwa vikifanya kazi. Mtaalamu wetu Mkongo, Dieudonné Wafula, kwa vyombo hivyo hivyo aliona hatari, akaonya, akaomba msaada. Hakusikilizwa. Moto ukapita katikati ya mji, ukateketeza madukani na majumbani, na kanisa kuu letu la Mtakatifu Yosefu likaangamia. Baada ya hapo ndipo wageni walipokuja na fedha na vyombo. Ndiyo desturi mbaya tuliyo nayo: chombo hununuliwa baada ya mazishi, na watu wakishasahau mazishi, fedha hukatwa.

Sasa tufike penye jambo kubwa zaidi, maana wanaosema wataalamu hawana faida hufikiri kazi yao ni kutabiri tu. Hawafikiri siku zinazofuata. Baada ya 22 Mei ardhi ilitetemeka mfululizo, na nyufa zikaonekana mjini. Ikahofiwa kwamba uji wa moto umefika chini ya mji, hata chini ya ziwa. Na ziwa Kivu lina gesi nyingi vilindini. Watu wanaojua mazuku, ile hewa nzito inayoua mbuzi na watoto mabondeni, hawahitaji kufundishwa maana ya gesi. Alfajiri ya 27 Mei, gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, akaamuru mitaa 10 kati ya 18 ihame. Watu wapata 400,000 wakaondoka, wengine Sake, wengine Rutshuru, wengine Rwanda, wengine kwa mashua hadi Bukavu, godoro kichwani na mtoto mgongoni. Mlipuko wa pili haukuja.

Hatumlaumu gavana kwa amri ile. Mkuu asiyejua lililo chini ya miguu yake hana budi kuogopa kwa niaba ya wote. Lakini watu hao walipelekwa wapi, na kwa chakula na maji ya watu wangapi? Hapo ndipo palipoonekana umaskini wa hesabu zetu. Kongo ilihesabu watu wake mara ya mwisho mwaka 1984. Tangu hapo vita na wakimbizi vimeujaza mji huu, na kila ofisi ina idadi yake ya kukisia: mmoja husema laki saba, mwingine milioni mbili. Na katika wafu 15 wa kwanza waliotangazwa na serikali, 9 walikufa kwa ajali ya gari wakati wa kukimbia. Hao hawakuuawa na mlima. Waliuawa na usiku usio na mpango.

Kuna wanaojifariji kwamba wageni watarudi tu. Mapema mwaka 2025 Marekani ilikata misaada yake ya nje, na ghafula zikasimama kazi mbili za hesabu: ule uchunguzi wa afya na uzazi uliofanywa nyumba kwa nyumba katika nchi nyingi tangu 1984, kwetu Kongo mara ya mwisho mwaka 2023 na 2024; na ule mtandao wa kutahadharisha njaa ulioanzishwa mwaka 1985, ukafungwa kwa miezi. Baadaye vyote viwili vilipata nafuu kwa sehemu. Lakini muuguzi anayeagiza chanjo kwa kubahatisha, aidha hutupa zilizoharibika, au huwarudisha akina mama mikono mitupu.

Mtu atatuambia kwamba nchi yenye vita haina fedha ya kupima matetemeko. Tangu Januari 2025, AFC/M23 walipouteka mji, maneno hayo yamezidi. Sisi twasema hivi: mafuta ya gari moja la kupanda hadi vyombo vya mlimani, malipo ya intaneti ya nyumba moja, na mshahara wa wachunguzi ulipwe mwisho wa mwezi, si mwisho wa mwaka. Yeyote anayetoza kodi mjini Goma, hata kwa mwenye chukudu anayeshusha makaa kutoka Kibumba, anadaiwa hayo. Tungependa kuona yameandikwa katika bajeti, kwa tarakimu, na daftari ifunguliwe watu waisome.