Sifa ya Hewa

Ukilipasua andazi la duara, utakuta nusu yake ni tupu. Mgeni angedhani amepunjwa. Mwenyeji wa Luvungi, mashariki mwa Kongo, anajua kwamba pale penye utupu ndipo kazi ilipofanyika.

Hesabu vitu vya andazi hilo. Ngano haistawi katika joto la bonde la Ruzizi; huku tunalima mpunga, mihogo na mahindi, kwa hiyo unga hutufikia kwa gari. Sukari ilikuwa na kwao karibu, Kiliba, kwenye mashamba ya miwa njiani kuelekea Uvira, mpaka vita vya 1996 vikakizima kiwanda. Mafuta hununuliwa, hamira hununuliwa, makala, yaani makaa, nayo hununuliwa. Kitu kimoja tu mama muuza maandazi hakinunui: hewa. Hiyo huitia kwa mkono wake.

Huitia usiku. Unga, sukari, chembe ya chumvi, hamira, maji ya uvuguvugu. Kisha mkono unazama hadi kifundoni, unapiga, unanyanyua, unapiga tena, mpaka rojo livutike kama utando na kuanza kulia pwa, pwa, chini ya kiganja. Mizani hana. Anausikiliza mlio huo, na ukimridhisha, hufunika beseni kwa kitambaa akaenda kulala. Hamira hailali: inakula sukari, inapumua, na pumzi yake inanaswa katika nyuzi za unga. Alfajiri beseni limejaa hadi ukingoni.

Mbabula, jiko la makala, ikishika moto, anadondosha tone la kujaribia mafuta. Likizama na kukawia, bado. Likiibuka mara moja na kuungua, yamezidi. Kisha anachota, anakunja ngumi, na rojo linachungulia kati ya gumba na kidole cha shahada, mviringo kamili, linadondoka. Upande wa chini ukiiva, donge lililoumuka vyema hujipindua lenyewe, kama mtoto anayegeuka usingizini.

Ngumi hiyohiyo ndiyo inayotoa maandazi yaitwayo mikate kule Kinshasa, na kaimati kule pwani, zile ambazo Oman huitwa luqaimat, yaani vijitonge.

Vietnam wamelifikia duara kwa njia nyingine. Bánh rán ya Hanoi hukandwa kwa unga wa mchele wa kunata, usio na nyuzi za kunasa pumzi ya hamira. Ndani hufichwa tonge la choroko zilizopondwa na sukari. Hewa yake ni mvuke: mafuta ya moto wa taratibu hulivimbisha gamba, na mpishi hana budi kugeuza na kugeuza lisije likapasuka. Iliyofaulu kweli, ukiitikisa sikioni, tonge hugonga ndani kama mbegu katika kibuyu kikavu. Mafundi wawili wasiojuana, na wote wawili wanapima kwa sikio: mmoja kabla ya moto, mwingine baada yake.

Asubuhi mtoto wa shule ananunua moja kando ya barabara, analiuma, na mvuke unampiga puani. Amelipia unga, sukari na mafuta; hewa haina bei. Lakini siku isipokuwamo, unga ni uleule, sukari ni ileile, na beseni linarudi nyumbani limejaa.