Al-Inkishafi na Hifadhi Isiyo na Kuta

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi, mji wa Pate ulikuwa umekwisha kuonja utajiri na sasa ukionja magofu. Utenzi huo unauhimiza moyo uyakumbuke majumba yaliyong'ara kwa taa, kisha uyatazame tena: popo wananing'inia juu, na zidaka zilizopangwa sahani zimekuwa viota vya ndege. Wahakiki wengi wameusoma kama waadhi, kwamba dunia haidumu na mja ajiandae kwa akhera. Usomaji huo ni sahihi, lakini unaliacha kando swali moja. Ikiwa fahari yote ya Pate iliporomoka, imekuwaje utenzi wenyewe ukasalia?

Sehemu ya jawabu imo katika umbo lake. Mishororo mitatu ya kwanza ya kila ubeti ina kina chake, na wa nne hurejea kwenye kina kimoja utenzi mzima. Kwa msomaji wa leo hilo ni pambo. Kwa msikilizaji wa zama zile lilikuwa kufuli: msomaji akiteleza, sikio la jirani humsuta, akisahau, kina humrudisha njiani. Waliojua kuandika waliunakili kwa herufi za Kiarabu, kila mmoja kwa mkono wake, hata miswada ikatofautiana kwa idadi na mpangilio wa beti. Tofauti hizo ni taabu kwa mhariri, na William Hichens, aliyeuchapisha utenzi huo London mwaka 1939, alilazimika kukabiliana nazo. Hata hivyo, ndizo ushahidi kwamba utenzi haukuwa na nyumba moja ya kuungua wala sanduku moja la kuliwa na mchwa.

Haifai, lakini, kuutukuza ukumbusho wa vifuani kupita kiasi. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa zilibaki vinywani mwa watu miaka mingi baada ya kufa kwake, hata Mwalimu Sikujua bin Abdallah akazikusanya na kumfikishia W. E. Taylor, diwani yake ikachapwa mwaka 1940. Zilizokusanywa ni hazina. Zilizozikwa pamoja na waliozijua hazina wa kuzihesabu. Kinywa bila kalamu hupoteza, na kalamu bila kinywa hunyamaza.

Kuta nazo zina ajali zake. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 na baadaye ikawa makumbusho, ilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Kujenga upya ni wajibu. Lakini mji unaoweka kumbukumbu zake zote chini ya dari moja umeyasoma magofu ya Al-Inkishafi bila kuyazingatia.

Hatari ya leo, basi, si kupotea kwa maandishi ya utenzi huu. Umekwisha chapwa zaidi ya mara moja. Hatari ni kukatika kwa mnyororo wa wafafanuzi. Lugha yake ni ya Pate na Amu, na kijana wa Unguja au Mombasa huhitaji mtu wa kumfungulia maneno. Mtu huyo akikosekana, beti zitabaki sauti tamu isiyo na maana, nyumba yenye taa na isiyo na mwenyeji.

Jahazi halingoji tufani ndipo lijaribiwe. Huteremshwa majini mapema, fundi akatazama linapovuja, akalitia kalafati. Ushairi wa pwani wastahili jaribio kama hilo: usiku mmoja vitabu vifungwe, barazani, madrasani au katika klabu ya taarabu, mmoja aghani ubeti, wa pili aueleze, wa tatu aujibu kwa ubeti wake mwenyewe. Pale patakapoingia kimya ndipo panapovuja. Huyo wa tatu ndiye muhimu kuliko wote, kwani Sayyid Abdallah hakuhifadhi Pate. Aliyaona magofu yake, akayajibu kwa utungo mpya, na kilichodumu ni jibu.