Daftari Lipo, Mali Imekwenda: Urithi wa Ardhi katika The Squatter and the Don

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Je, na mali yenye daftari? Swali hilo ndilo linalobeba dhamira ya The Squatter and the Don, riwaya ya María Amparo Ruiz de Burton iliyotoka San Francisco mwaka 1885 kwa jina la bandia, C. Loyal. Wapo wenzangu wanaosema eti ni riwaya ya mapenzi tu: Clarence kampenda Mercedes, wakaoana, basi. Mimi sikubaliani nao.

Tutazame maudhui kwanza. Don Mariano Alamar ana ranchi karibu na San Diego, ardhi ambayo familia yake ilipewa kabla Marekani haijaitwaa California. Mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa 1848 uliahidi kulinda mali za Wameksiko. Kisha ikaja sheria ya 1851: kila mwenye ardhi alete hati zake mbele ya tume katika miaka miwili, la sivyo ardhi inakuwa ya umma. Madai 813 yalifikishwa. Yaani mwenye nyumba ndiye aliyetakiwa athibitishe kwamba yeye si mwizi! Kesi zikapanda mahakama hadi mahakama, na wengi wakawalipa mawakili kwa ardhi ileile waliyokuwa wakiitetea. Mtunzi aliyajua hayo kwa uchungu, maana mwenyewe alipigania ranchi yake ya Jamul kwa miaka mingi.

Sasa turudi kwenye hayo mapenzi. Wavamizi wanawapiga risasi ng'ombe wa Don, na sheria iko upande wao. Clarence, mtoto wa mvamizi Darrell, anamlipa Don kwa siri ardhi iliyokaliwa na baba yake. Don anakufa, mwanawe Gabriel anaishia kubeba matofali San Francisco, na ranchi inauzwa kwa Clarence. Kwa hiyo ndoa si pambo la msuko. Ndoa ndiyo hati mpya: urithi unabaki katika familia pale tu binti anapoolewa na mwenye fedha wa upande ulioshinda. Hiyo si furaha, ni kushindwa kulikovishwa shela.

Hata hivyo riwaya ina udhaifu mkubwa. Kabla ya Wahispania na Wameksiko kugawa ardhi ya San Diego, Wakumeyaay walikuwa wakiishi pale. Humu Wahindi Wekundu wanapita tu kama watumishi, tena wa kudharauliwa. Mtunzi analilia tabaka lake, tabaka la wamiliki, na halioni tabaka lililo chini yake.

Riwaya hii ilichapishwa upya mwaka 1992. Tuisome, wenzangu, tumhurumie Don kwa haki. Ila tusisahau kuuliza: waliomlishia ng'ombe zake, wao hati yao ilipokelewa na tume gani?